Pwani Nayo Ina Arubaini Yake

Sisi wa Runzewe leo tunataka kuwasimulia safari yetu ya baharini. Msicheke. Tunajua kuwa Runzewe na bahari ni kama mbingu na ardhi. Lakini yale tuliyoyaona kule tumeyarudisha nyumbani kwetu, na mwenzetu mmoja yamemgusa maisha yake.

Kwetu Runzewe

Kwa wasiopajua, Runzewe ni mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Bukombe, Mkoa wa Geita. Zamani tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, na wazee wetu wengine husema Shinyanga hadi leo kwa mazoea. Barabara kuu iendayo Rwanda, Burundi na Kongo inapita katikati ya mji. Malori hayalali. Mama lishe wanaamka saa kumi za usiku kuwasha moto, maana madereva hawangoji jogoo.

Pande zote ni mashamba ya mahindi, mihogo na mpunga wa mabondeni. Ukitoka nje kidogo ya mji unayakuta maduara ya dhahabu. Wanaume wanashuka chini kwa kamba, na wanawake wanabaki juu wakiponda mawe, wakiteka maji na kupika. Wapo wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu, wengine na mimba tumboni au mtoto mgongoni, na sisi tuliosomea uuguzi hatuchoki kuwakataza, kwa sababu zebaki humdhuru hata mtoto ambaye hajazaliwa. Duara likitoa, mji mzima unachangamka. Likikoma, watu wanafunga virago na kwenda kuchimba kwingine. Dhahabu ndivyo ilivyo, haizai. Ukishaitoa imekwisha.

Bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwetu. Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa cha akina mama wa kanisa, wengi hatukuwahi kuiona hata siku moja. Tulichokijua cha baharini ni simbi, zile kauri nyeupe ambazo bibi zetu walizitunza masandukuni, zilizoletwa bara na misafara ya zamani. Na kombe tulilolijua sisi ni lile la mpira.

Safari yaanza

Mwenzetu mmoja alihamia Unguja kumfuata mume wake aliyepata kazi huko. Kila akipiga simu alikuwa akisema, "Njooni muone wenzenu wanavyolima baharini." Tukaweka akiba kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mwezi Februari 2025 tukaondoka, akina mama tisa. Waume zetu walitutania kituoni. Mmoja alisema kwa sauti, "Mwende salama, ila msije mkatuletea konokono tule!"

Kati yetu alikuwamo mdogo wetu mmoja ambaye ametukubalia tuandike habari zake bila kumtaja jina. Ana miaka 29. Alikuwa amekwisha kujifungua mara sita, na wawili wa mwisho wamepishana miezi kumi na miwili tu. Mmoja wa sita hao alifariki akiwa mchanga. Wakati tunaondoka alikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni, na macho yake yalikuwa meupe kwa upungufu wa damu. Kliniki tulimwambia mara nyingi, "Mama, pumzika kuzaa kidogo." Alikuwa akiitikia vizuri na kwenda zake. Tulimchukua kwa mchango wa kikundi ili walau apate siku chache za kukaa bila ndoo kichwani.

Tulipanda basi hadi Dodoma, tukipita Kahama, Nzega na Singida. Tukalala Dodoma, na kesho yake tukapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Treni hiyo ilianza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili mwaka 2024, na kwa saa chache tu tukawa tumefika. Kisha boti ya kwenda Unguja, mwendo wa saa mbili hivi. Hapo ndipo watatu wetu walipotapika bila aibu, na mdogo wetu alimkumbatia mtoto wake akaimba mpaka tukafika.

Mwenyeji wetu alitupeleka Fumba, kusini ya mji wa Zanzibar. Ni rasi yenye mawe ya matumbawe, minazi na miembe, na bahari iliyo mbele yake inaitwa Ghuba ya Menai. Ghuba hiyo ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 470. Ndani ya hifadhi hiyo watu wa vijijini wanavua, wanalima mwani na kuokota kombe na chaza, lakini kwa utaratibu.

"Huyo bado mtoto"

Tulifika siku za bamvua. Hilo nalo tulifundishwa. Kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu, maji ya bahari hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Siku za katikati maji hayaendi mbali, wanayaita maji mafu. Wanawake wa pwani hawahitaji kalenda ya ukutani. Hutazama mwezi wakajua kesho watashuka pwani saa ngapi.

Asubuhi saa nne hivi bahari ilikuwa imeondoka. Kweli imeondoka! Pale palipokuwa na maji jana jioni palikuwa na mchanga, majani ya baharini na vidimbwi. Wanawake walikuwa wameinama kila upande, wamejifunga khanga vizuri, ndoo mkononi na kipande cha chuma au kijiti cha kuchokolea. Aliyetuongoza alikuwa bibi mmoja wa makamo ya mama zetu wazazi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Karibuni pwani, mvue viatu vyenu vya bara, mvae hivi."

Alituonyesha kombe wanaojificha mchangani kati ya majani, ambao alama yao ni ufa mdogo tu. Akatuonyesha chaza walioganda mawe kwa nguvu kama saruji. Akatuonyesha chaza wa lulu, mweusi na mpana, anayejishikiza kwa nyuzi zake mwenyewe. Sisi kwa furaha ya ugeni tukaanza kuokota kila kilichofungana kama sanduku. Mwenzetu mmoja alijaza nusu ndoo kwa dakika chache akajiona hodari.

Bibi akasogea, akaangalia ndani ya ndoo, akachekea puani. Akamtoa kombe mmoja mdogo kama kifundo cha kidole.

"Mrejeshe, mwanangu. Huyo bado mtoto."

Kisha akamtoa chaza mmoja mkubwa sana. Tulidhani huyo atamsifia. Akasema, "Na huyu mrejeshe vilevile. Huyu mama."

Tukashangaa. Mdogo usiokote, mkubwa usiokote, sasa tule nini? Akatuketisha juu ya jiwe, na hapo tukapata somo ambalo shuleni hatukulipata.

Jinsi chaza na kombe wanavyozaa

Chaza aliyeganda jiwe hawezi kumfuata mwenzake. Hana miguu, hana macho ya kumtafuta. Basi huzaa kwa kumwaga. Wa kike humwaga mayai majini na wa kiume humwaga mbegu zake, na mayai na mbegu hukutana humo humo baharini. Jike mmoja aliyekomaa huweza kumwaga mayai kwa mamilioni. Akianza mmoja, yale aliyoyamwaga hubeba harufu ya kuwaamsha majirani, nao wanaanza, na wa mbele yao wanaanza. Wote wanamwaga kwa pamoja, kama kijiji kilichosikia ngoma.

Wanajuaje kuwa siku imefika? Hupata ishara kutoka kwa bahari yenyewe. Maji yakipata joto, mvua kubwa ikipunguza chumvi, chakula kikiongezeka majini, au mwezi ukibadilisha nguvu ya kujaa na kupwa, miili yao huitika. Katika nchi za baridi kama za Ulaya, chaza hungoja kiangazi, kwa hiyo wazee wa huko walikuwa na mwiko wa kutokula chaza kati ya Mei na Agosti. Pwani yetu ina joto, kwa hiyo wengi wao huweza kutaga karibu mwaka mzima, ila kuna nyakati wanapotaga kwa wingi zaidi. Kinachoongoza nyakati hizo ni pepo mbili ambazo watu wa pwani wamezijua tangu enzi za majahazi, yaani kaskazi, inayovuma miezi ya joto kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayoleta maji ya baridi katikati ya mwaka. Kati ya pepo hizo huja masika na vuli.

Baada ya kutaga, chaza hukonda. Nyama yake inakuwa nyembamba, ya majimaji, haina ladha. Bibi alituambia kuwa hata mpishi hafaidi kumwokota wakati huo. Sisi wauguzi tulitazamana. Nani kati yetu hajamwona mzazi aliyetoka kujifungua, mwili umeisha, halafu anadaiwa kazi?

Mayai yakishapata mbegu, viluwiluwi huelea baharini kwa wiki mbili, tatu, hata nne. Ni wadogo mno, na karibu wote huliwa na samaki au hupelekwa na mkondo mahali pasipofaa. Wachache wanaosalia hutafuta pa kuishi. Chaza wa mawe akishagusa jiwe lake hujigandisha, na hapo hahami tena mpaka kufa. Mara nyingi huchagua mahali penye wenzake wakubwa. Ukibandua wote, wageni hawana pa kufikia.

Na lililotushangaza kuliko yote ni hili. Chaza wa lulu huanza maisha akiwa wa kiume, na akiendelea kukua wengi hugeuka kuwa wa kike. Kwa hiyo wale wakubwa ndio akina mama. Ukichagua wakubwa kila siku kwa sababu wanajaza ndoo upesi, umewaondoa mama wote na kubakiza vijana watupu. Tena hata wakibaki wachache, kama wametawanyika mbali mbali, mbegu hazilifikii yai. Pwani inaweza kuonekana bado ina chaza, kumbe imeshakuwa tasa.

Pwani ikifungwa

Wanawake wa Fumba na vijiji vya jirani waliliona hilo kwa ndoo zao. Mama zao walijaza ndoo karibu na nyumbani. Wao ikawabidi kwenda mbali zaidi, na walichorudi nacho ni kidogo na kidogo kwa umbo. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu mwaka 1978, walianza kufanya kazi nao. Mtafiti Narriman Jiddawi ni mmoja wa waliokaa na akina mama hao kwa miaka mingi. Walijaribu kufuga kombe na chaza ndani ya vizuizi vilivyozungushiwa ufukweni, na kuwatundika chaza wa lulu kwenye kamba. Walijifunza pia kupandikiza lulu nusu. Kitufe kidogo kinabandikwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, naye kwa miezi mingi hukifunika kwa tabaka linalong'aa mpaka kikawa kito. Magamba nayo yanasuguliwa kuwa herini na mikufu ya kuuzia watalii.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kukubaliana wasiguse. Walitenga sehemu za pwani ambazo hakuna ruhusa kuokota, ili wakubwa wakae pamoja, watage, na viluwiluwi vyao vipelekwe na maji kwenye sehemu zilizo wazi.

Tulimuuliza bibi, "Na mlikubaliana upesi?"

Akacheka. "Upesi wapi! Kufunga pwani si kazi, wanangu. Kazi ni kesho yake, chungu kikiwa kitupu na watoto wanakuangalia. Na jirani wa mbali, asiyekuwapo kikaoni, anakuja na ndoo yake usiku. Tumegombana sana."

"Sasa mliwaambiaje watu wakaelewa?"

Akanyamaza kidogo, akapangusa mchanga mikononi. "Niliwaambia hivi. Mwanamke akizaa kwetu anapewa arubaini yake. Siku arubaini hatii mkono jikoni, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, analala na mwanawe. Hata mwenye nyumba mkali vipi, arubaini anaijua. Na pwani nayo ni mzazi. Kila siku inatuzalia. Mbona yeye hatumpi arubaini yake?"

Tukakaa kimya. Mdogo wetu ndiye aliyevunja ukimya. Alisema polepole, "Sisi kwetu, bibi, siku ya nane mimi nilikuwa shambani."

Bibi alimtazama, akamtazama mtoto mgongoni. Hakusema neno. Alifungua kifurushi chake, akampa mhogo wa kuchemsha na samaki, sehemu yake mwenyewe ya mchana.

Mama pweza

Jioni tulikaa barazani kwa mwenyeji wetu, na bibi alikuja kutuaga. Wanawake wa jirani walikuwa wamepika kombe kwa nazi. Tulikula, na tunawahakikishia waume zetu kuwa si konokono! Ni nyama tamu yenye protini na madini ya chuma. Ila muuguzi hakosi la kusema, hata akiwa mgeni. Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, makumi ya lita kwa siku, kwa hiyo wakikaa penye maji machafu hukusanya vijidudu vya kuhara. Wapikwe hadi waive kabisa. Aliyeachama kabla ya kupikwa na hajifungi ukimgusa amekwisha kufa, mtupe. Na aliyebaki amefunga kabisa baada ya kuchemshwa, usimlazimishe.

Mazungumzo yakageukia pweza, ambaye ni ndugu wa chaza na kombe ingawa hana gamba la nje. Kisiwa Panza, huko Pemba, wanakijiji walianza kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha wanaifungua wote kwa siku moja. Wavuvi wa kusini magharibi ya Madagaska walitangulia kufanya hivyo mwaka 2004. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo hata mapumziko mafupi yanaonekana kwenye mizani.

Mmoja wa wanawake akatueleza habari za mama pweza. Maisha yake ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, na huzaa mara moja tu. Akifika wakati wake huingia pangoni, hutundika mayai yake, ambayo ni maelfu kwa maelfu, na kukaa mlangoni. Huyapulizia maji safi mchana na usiku, huyasafisha na kuyalinda. Kwa muda wote huo, mwezi hivi, hali kitu. Mayai yanapoanguliwa na watoto kuondoka, yeye anakufa.

Pale barazani wengine walisema, "Ama kweli, uchungu wa mwana!" Lakini mdogo wetu alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka tu huku akimnyonyesha mtoto. Tulipomuuliza, alisema, "Ndiyo mimi huyo."

Hapo sisi wauguzi tulitambua kosa letu. Miezi na miaka tulimpa maneno ya kliniki, namba na vipeperushi, tukidhani hasikii. Kumbe alisikia, ila aliona kwamba kufa kidogo kidogo ndiyo kazi aliyopewa mama. Tukamshika mkono, tukamwambia, "Mdogo wetu, wewe si pweza. Pweza ameumbwa azae mara moja afe. Wewe umeumbwa uzae na uishi, uwaone wakienda shule, uwacheze arusini. Watoto wako wanakuhitaji baada ya kuanguliwa kuliko kabla."

Somo tulilorudi nalo

Tungependa kuwaambia kuwa tuliporudi Runzewe kila kitu kilibadilika. Haikuwa hivyo. Mume wake ni mchimbaji, mtu mwema na mchapakazi, lakini alikataa kuja kliniki. Mama mkwe naye alisema mambo ya kupumzika ni ya wanawake wa mjini.

Mdogo wetu hakubishana. Usiku mmoja alimweleza mume wake habari za chaza, mwanzo hadi mwisho. Mume akasema, "Hilo tunalijua sisi wachimbaji. Hata duara lililochoka huwa tunaliacha." Naye akamjibu, "Duara mnaliacha likiwa limekwisha. Mimi naomba nipumzishwe kabla sijaisha."

Wiki ya pili walikuja kliniki wote wawili. Tuliwaeleza lile ambalo Shirika la Afya Duniani linashauri. Baada ya kujifungua salama, mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine. Mimba ikiharibika, angoje angalau miezi sita. Damu yake irudi, mifupa na misuli yake ipone, na mtoto aliye mkononi anyonye mpaka ashibe. Tuliwaeleza njia zilizopo, kuanzia za asili za kuhesabu siku na kutazama dalili za mwili, hadi vidonge, sindano, vipandikizi na kitanzi. Tukawaeleza pia kuwa kunyonyesha maziwa ya mama peke yake, mchana na usiku, huzuia mimba kwa miezi sita ya kwanza tu, na ikiwa hedhi haijarudi. Baadaye usitegemee. Njia waliyochagua ni siri yao. Tunachoweza kusema, kwa ruhusa yake, ni kwamba wekundu wa macho yake umerudi.

Nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Lakini ukimzika mama mmoja kijijini kwako, hutamwambia mtoto wake habari za wastani.

Lipo na la pili. Kwetu mvua za kwanza zikinyesha, kambale hupanda kutoka mitoni na kuingia mabondeni penye mafuriko kwenda kutaga. Matumbo yamejaa mayai. Tangu utoto wetu hiyo ilikuwa sikukuu. Kila mtu na ndoo, kapu au panga, tunawazoa wote. Kisha mwaka mzima tunalalamika kuwa mto umeisha samaki. Tulilileta jambo hilo kwenye kikundi. Mjadala ulikuwa mkali. Mama mmoja alisimama akasema, "Mnataka watoto wangu wale ugali na chumvi ili kambale wapate arubaini?" Hatukuwa na jibu jepesi, na hatukumzomea, maana anasema kweli kuhusu chungu chake. Lakini tulikumbuka maneno ya bibi juu ya kesho yake.

Tulikubaliana hatua ndogo. Wanachama wetu hawatanunua wala kuuza kambale wenye mayai katika wiki za mvua za kwanza, na kikundi kitakopesha mbegu za mchicha na vifaranga kwa wale ambao mboga yao ilikuwa hiyo. Si wote waliotii. Mvua zilizofuata tuliwaona wawili sokoni, wakajifanya hawakutuona. Tutarudia tena mwaka huu. Hata serikali imeanza njia hiyo kwenye maji makubwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane.

Akina mama wenzetu, sisi ndio tunaoshika ndoo. Sisi ndio tunaojua chungu kina nini na mwili una nini. Kama nyumbani kwako yupo mzazi mchanga, mpokonye ndoo kichwani hata kama hajaomba. Kama mzazi huyo ni wewe, sema, na umwite baba watoto mkae pamoja. Kama kijijini kwenu kuna mto, bwawa au pwani, waulizeni wazee huzaa lini, na mzungumze mtauachaje upumue.

Tulipokuwa tunaondoka Fumba, bibi alitufunga zawadi ya magamba ya chaza yaliyosuguliwa. Mdogo wetu alipewa moja kubwa, linalong'aa ndani rangi zote za upinde wa mvua. Amelitundika juu ya kitanda cha mtoto. Watu wa Runzewe wakiingia huuliza kama ni dhahabu, naye huwajibu, "Hapana. Hii ni ya mama mmoja aliyepewa nafasi."